Tufaha la Bi Zuhena

Hapo zamani, wala si zamani sana, kwenye milima ya Usambara ambako ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi, aliishi Bi Zuhena. Uzee ulimnyang'anya macho, kisha ukamnyang'anya majina ya wanawe. Likabaki tufaha la shambani kwake, alilolinusa kila alipoota.

"Atakayenilisha tufaha lile kabla sijafa," alisema, "shamba ni lake."

Mwanaidi, binti mkubwa, akacheka. Mti si ule nyuma ya nyumba? Kila kiangazi aliubebea maji kichwani. Akachuma, akamlisha. Mama akatema.

"Chachu! Silo."

Masikini Mwanaidi! Mti mtamu ulikuwa umebebeshwa, yaani tawi lake limeungwa juu ya shina la tufaha chachu. Juu palikauka zamani, likachipua shina la chini, naye akalimwagilia miaka yote kwa mapenzi.

Nuriati, binti wa pili, akaanza kulia. "Mama, ulitunyima hata kijiti. Siku ya harusi yangu niliiba tawi, nikalificha ndani ya kanga."

Alikuwa amelibebesha kwenye mti mmoja shambani kwa mumewe, katikati ya mitufaha mingine. Lakini mbuzi wa huko walikula kila chipukizi, hata tawi lile halikuzaa kamwe. Sasa ni mti upi? Hakumbuki.

Shekiondo, kitinda mimba, alifanya kazi kwenye maabara mjini. Akafungua sanduku la mama, akakuta jani kavu la mti wa zamani. Akalilinganisha na majani ya mitufaha yote ya Nuriati kwa alama za vinasaba, zile ambazo mti hauzipotezi hata ukihamishwa. Ukalingana mmoja tu, kando ya banda la mbuzi, nao ulikuwa unakufa. Akakata kijiti, akakibebesha kwenye mti wa Mwanaidi uliojaa nguvu.

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Likaiva tufaha moja. Wakamlisha pamoja. Mama akatafuna polepole, akatabasamu, akawaita kwa majina, wote watatu. Kisha akalala, asiamke.

Matanga yakaisha, maneno yakaanza.

"Mti uliishi kwa maji yangu," alisema Mwanaidi.

"Bila wizi wangu, mngebebesha nini?" akauliza Nuriati.

"Na bila mimi, dada zangu, mngeujuaje mti wenyewe?" akasema Shekiondo.

Mti umezaa tena. Matufaha yanaanguka, hakuna anayethubutu kuokota. Haya, ninyi mliokaa mkinisikiliza, semeni kabla hayajaoza: je, nani alistahili shamba?