Vita vya Nyati na Faru, au Purukushani?

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakitwanga, wakipika uji na kuazimana chumvi uani, palikuwa na kijiji kiitwacho Ukindu. Mkuu wake alikuwa Jumbe Twiga. Kesi zote zilipelekwa kwake, naye alizisikiliza akiwa huko juu shingoni, nusu maneno, nusu upepo.

Sheria ya Ukindu ilikuwa fupi. Ukipigana vita, ulichokiharibu utakijenga kwa jasho lako mpaka kiwe kama kilivyokuwa. Lakini ikiwa ni purukushani tu, yaani kusukumana kidogo, kuvutana kidogo, vumbi likatimka kisha kila mmoja akaenda zake, basi hapana kesi.

Sasa ninyi mnadhani ni nani waliolipenda neno purukushani? Wakubwa, bila shaka! Mdogo akisukumana na mwenzake, hakivunjiki hata kikombe.

Palikuwa na mjane mmoja, Bi Digidigi, mwenye watoto watatu. Alikuwa mdogo hivi kwamba akisimama shambani mwake, juu ya mtama unaona masikio tu. Shamba lenyewe lilikuwa katikati ya nyumba ya Bwana Nyati na nyumba ya Bwana Faru, na kila asubuhi mabwana hao walikutana humo humo wakienda mtoni.

"Nipishe!" anasema Nyati.

"Nikupishe wewe? Nipishe mimi!" anasema Faru.

Puu! Pembe kwa pembe. Kacha-kacha-kacha! Mtama chini. Mara ya kwanza Bi Digidigi alipanda upya, akanyamaza. Mara ya pili wakaangusha uzio na ghala, mtama wote wa akiba ukasagika matopeni. Akabaki na kibuyu kimoja cha mbegu. Hicho kikipotea, wanawe watakula nini?

Akaenda barazani, akapanda juu ya kinu ili asikike.

"Jumbe, shikamoo! Hawa mabwana wamenimaliza!"

"Marahaba. Eti ninyi, mlikuwa mnafanya nini?" akauliza Jumbe Twiga.

"Aa, purukushani tu, Jumbe," akasema Nyati, akitafuna.

"Purukushani ndogo," akasema Faru, na waliokuwa maadui shambani wakawa ndugu wa tumbo moja.

"Purukushani haina kesi," akasema Jumbe. "Mwingine!"

Bi Digidigi alikasirika mpaka pua ikamtetemeka. Lakini hakulia. Alishuka kwenye kinu, akajiambia, "Kibuyu hiki nitakipanda, na mtama wake nitauvuna. Nimesema."

Alipopita kisimani akasikia sauti nene. Alikuwa Nyati, amezungukwa na kina mama pundamilia waliokuja kuteka maji.

"Vita vya jana!" Nyati alikuwa akijigamba. "Mngeviona vita vya jana! Ardhi ilitetemeka!"

Bi Digidigi akasimama ghafla. Ala! Barazani purukushani, kisimani vita? Akatabasamu, akarudi mbio kwa Jumbe.

"Jumbe wetu, nina kilemba chekundu cha marehemu mume wangu. Nataka umvishe shujaa wa vita vikubwa kuliko vyote vya Ukindu. Ngoma ipigwe, watu wale, watu wacheze."

Jumbe Twiga kwa ngoma alikuwa hajiwezi. "Siku ya gulio!" akasema papo hapo.

Kisha Bi Digidigi akaenda kwa Nyati. "Bwana Nyati, kilemba ni chako, nani asiyejua? Ila nasikia Bwana Faru anasema wewe hujawahi kupigana vita. Purukushani tu."

"Mimi? Purukushani?" Nyati akapuliza pua, fwuuu! "Nitamwonyesha!"

Bi Digidigi akavuka shamba lake, akaingia kwa Faru. "Bwana Faru, kilemba ni chako, nani asiyejua? Ila nasikia Bwana Nyati..." Hata hakumaliza. Faru alikwisha piga teke mlango wake mwenyewe. Hivyo kila mmoja akavikwa kilemba cha ukoka kabla ya kukiona kile cha kitambaa.

Siku ya gulio Ukindu nzima ilikusanyika. Ngoma zikalia, ndu-ndu-ndu! Bi Digidigi akapanda juu ya kinu, kilemba mkononi. Leo ikishindikana, basi tena.

"Mabwana, tuambieni. Vita vyenu vilipiganwa wapi?"

"Shambani kwako!" akanguruma Nyati. "Nililifyeka shamba zima kwa pembe hizi!"

"Muongo!" akafoka Faru. "Yeye alikanyaga upande wa mtoni tu. Shamba nililimaliza mimi!"

"Na uzio, jamani?"

"Mimi!" wakasema wote wawili.

"Na ghala langu?"

"Ghala nililipiga kichwa kimoja tu, likaanguka," akasema Nyati.

"Likaegama! Mimi ndiye niliyeliangusha!" akasema Faru. "Halikusalia hata bua moja!"

"Lo! Basi hiyo haikuwa purukushani?"

"Purukushani?" Wakacheka kwa dharau. "Vita! Vita vikubwa!"

Bi Digidigi akainua uso, akapaza sauti kwa nguvu zake zote. "Jumbe! Umesikia?"

Safari hii Jumbe Twiga alikuwa ameinamisha shingo mpaka chini, maana alitaka kukiona kilemba. "Nimesikia neno kwa neno," akasema. "Vita. Na sheria ya vita tunaijua."

Ngoma zikanyamaza. Nyati akamtazama Faru, Faru akamtazama Nyati.

"Aa, Jumbe, sisi tulikuwa tunatania," akasema Nyati. "Ilikuwa purukushani..."

"Purukushani ndogo," akadakia Faru.

Wakati huo huo, mbele ya umati, vifaranga wawili walikuwa wakinyang'anyana mchwa mmoja. Chii! Chii! Manyoya yakaruka, mchwa akatoroka, vifaranga wakaachana, kila mmoja akaenda zake. Mama Kuku akawakemea, "Acheni purukushani zenu mbele ya wakubwa!"

Umati ukaangua kicheko. Kina mama pundamilia wakashika mbavu.

"Haya, mabwana," akasema Bi Digidigi, kwa upole kabisa. "Chagueni neno moja, mbele ya wote, na msilibadilishe tena. Kama ni purukushani, nendeni zenu, mimi sina kesi. Simameni pale kwa hao vifaranga wenzenu, tuwapigie makofi. Kama ni vita, kilemba hiki hapa."

Nyati akawatazama vifaranga. Akawatazama pundamilia. Shingo ikamvimba.

"Vita," akasema kwa sauti nzito.

Faru angekubali kubaki kifaranga peke yake? Thubutu!

"Vita," akasema, "tena vikubwa."

Bi Digidigi akakichana kilemba vipande viwili, chwaa! Akamfunga kila mmoja kipande kwenye pembe yake. Kisha akawapa majembe.

"Anzeni na uzio, mashujaa. Ghala baadaye. Na mtoni mtapita njia ya kuzunguka."

Wakajenga, wakalima, wakapanda mbegu za kibuyu cha mwisho. Wapita njia waliwauliza, "Mabwana, mnafanya nini hapo?" nao wakajibu huku wameinama, "Tunamaliza vita." Mvua ilinyesha, mtama ukarefuka, na watoto watatu wa Bi Digidigi walikula uji mpaka wakasaza.

Yangu yameisha, wanangu, na funzo lake ni hili: anayejisifu kwa alichokivunja, amekubali mwenyewe kukijenga.