Panzi wa Kumuaga Mjusi

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Basi zamani, zamani ile mawe yangali laini, kule milimani ambako sakitu huanguka majani yakawa meupe kama yamemwagiwa chumvi, paliishi Bi Pimbi. Mfupi, mnene, mkia hana, lakini pango analo. Na ndani ya pango alifuga mjusi. Ndiyo, mjusi! Mjusi alimlia nzi, pango likawa safi, wakapendana kama bibi na mjukuu.

Lakini mjusi na baridi, wapi na wapi? Baridi ikija, mjusi hulala. Halali siku moja, hulala miezi mitatu! Na kumlaza kuna kazi yake. Bi Pimbi akatafuta ufa wa jiwe ulioupa upepo mgongo. Akatandika majani makavu. Kila asubuhi akamwanika mjusi juani. Leo sana, kesho kidogo, keshokutwa kidogo zaidi, ili mwili upoe polepole. Na chakula? Chakula akakata. Siku kumi na nne, maji tu.

Mjusi akalia:

"Bibi Pimbi, tumbo tupu! Tumbo tupu, pu pu pu!"

Bi Pimbi akajibu:

"Tumbo tupu, lala pu! Tumbo tele, huamki tu!"

Sasa, jirani yake alikuwa Bi Kanga. Yule mdomo wake haukujua kufungwa. Akapita kwa Sungura, kek-kek-kek! Akapita kwa Nungunungu, kek-kek-kek!

"Jamani, mmesikia? Pimbi anamnyima mjusi chakula! Mbavu nimezihesabu kwa macho yangu!"

"Hee! Na yeye alivyonona vile!" akasema Nungunungu.

"Ndiyo ujue, shoga. Anakula vya wawili."

Mngemuuliza Kanga kama amebisha hodi kwa Pimbi akauliza, angewaambia hana nafasi. Nafasi ya kusema anayo, ya kuuliza hana!

Na nchi ile ilikuwa na mila: msafiri haondoki na njaa. Hata akiwa adui yako, akiaga, unamlisha. Kanga akasema, "Kulala miezi mitatu, si safari hiyo? Aibu hii siivumilii."

Siku ya kumi na tatu, Bi Pimbi alipotoka kuchuma majani, Kanga akaingia na panzi. Panzi wanene, wanang'aa mafuta.

"Kula, baba. Safari ndefu."

"Bibi amenikataza."

"Bibi yupo hapa?"

Mjusi akatazama huku. Akatazama kule. Nyam! Mmoja. Nyam! Wawili. Nyam, nyam, nyam, hadi kumi na saba! Tumbo likawa ngoma.

Mara upepo, vuuu! Ukungu ukashuka, jua likazama humo. Bi Pimbi akarudi mbio, akamkuta Kanga bado yumo pangoni, na mjusi baridi kama jiwe la mtoni. Akamgonga tumbo. Ndu! Ndu! Mguu wa panzi umechomoza mdomoni.

Bi Pimbi akakaa chini pu.

"Umemuua," akamwambia Kanga.

"Mimi? Mimi nimemlisha!"

"Mjusi akipoa, tumbo lake halisagi. Chakula kitamwozea ndani, naye kalala, hajui. Mjusi wa mama yangu alikufa hivyo hivyo, kwa karamu ya kuagwa. Na leo jua hakuna la kumpasha moto."

Kanga kimya. Mara ya kwanza tangu atoke kwenye yai! Machozi yakamlengalenga.

"Nifanyeje, dada?"

Bi Pimbi akamtazama yale manyoya. Manyoya mazito, ya joto.

"Mwatamie."

"Ati nini?"

"Keti juu yake kama yai. Ukiinuka, joto linatoka, anakufa. Ukipiga kelele, unatikisika, joto linatoka, anakufa."

Basi Kanga akaketi. Siku moja, ukungu. Siku ya pili, ukungu. Na majirani nao wakapita.

"Kanga, shoga, unaatamia nini pangoni kwa watu?"

Kanga kimya.

"Jamani! Mkia ule! Kanga kataga mjusi!" akapiga yowe Nungunungu.

"Baba yake nani?" akauliza Sungura.

Habari ikazunguka mlima mzima. Kanga anaisikia, mdomo unamwasha, lakini ameufunga. Mie ningepasuka!

Siku ya tano, chini ya Kanga: prrr... puuu! Ah, msicheke, wangu! Mavi yale yalikuwa uhai. Siku ya sita, puuu tena. Bi Pimbi akagonga tumbo. Pe! Pe! Tupu. Akamnywesha mjusi maji, wakampoza tena polepole, wakamlaza, wakaziba ufa kwa jiwe.

Mwezi ukapita. Wa pili. Wa tatu. Kila asubuhi Kanga yuko pale mlangoni, shingo ameinyoosha. Amepona? Hajapona?

Jua la mwezi wa tisa likachoma. Bi Pimbi akasukuma jiwe, kurrr. Kimya. Wakangoja. Kimya.

Kisha pua. Kisha jicho moja.

"Mama Kanga," ikasema sauti nyembamba, "sogea kidogo, unanizibia jua."

Kanga akaruka, kek-kek-kek, akalia na kucheka pamoja!

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ampendaye mtu hampi kila anacholilia. Na kabla hujamsema jirani, bisha hodi umuulize.

Hadithi yangu imefika hapo, ikakaa. Anayetaka mkia wake, akaukate kwa mjusi.