Kiboko Aliyemiliki Maneno ya Wenziwe

Nianze, nisianze?

— Anza!

Masikio mnayo?

— Tunayo!

Ya kwenu, au ya kuazima?

— Ya kwetu!

Haya, yashikeni vizuri, maana ninayemleta leo huchukua hata yasiyo yake.

Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na wanyama, na wanyama walikuwa na simu. Wewe unayecheka huko nyuma, ulidhani simu ni zenu peke yenu? Walikuwa na simu, na kila mmoja alikuwa na blogu yake, ukurasa wake mdogo mtandaoni, anaandika anachotaka, anafuta asichotaka.

Pimbi aliandika habari za mawe. Jiwe lipi linapata jua mapema, jiwe lipi linateleza, jiwe lipi alilikalia mpaka akasinzia. Kanga aliandika mapishi, lakini kila pishi alilikatiza katikati kumlalamikia mumewe. "Kaanga mchwa mpaka wawe wekundu, geuza, na yule bwana bado amelala tangu asubuhi, ongeza chumvi."

Na Nungunungu aliandika habari za mama yake. Mama yake alikuwa amekufa, na kabla ya kufa alimsimulia mwanawe mambo mengi: alivyoukimbia moto wa nyika akiwa na mimba, nyimbo alizoimba akichimba viazi, sababu ya kumpa mwanawe jina alilo nalo. Nungunungu aliyaandika yote kwa mwiba wake, chwi chwi chwi. Kwingine hakuwa nayo.

Basi wakawa wanasomana. Pimbi akimwandikia Kanga maoni: "Mmwagie maji huyo, ataamka." Kanga akimwandikia Pimbi: "Lile jiwe la juu nalitamani." Siku moja Nungunungu hakuandika. Kesho yake hakuandika tena. Pimbi akasema, "Huyu hanyamazi hivi hivi." Akashuka jabalini, tipu tipu tipu, akamkuta shimoni ana homa, miiba imelala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Akamkorogea uji. Kanga naye akaja na bakuli la mchwa. Kumbe Kanga na Pimbi hawakuwahi kuonana kwa macho!

"Eh, kumbe wewe mfupi hivi!" Kanga akasema. "Kwenye maandishi unaonekana mrefu."

"Na wewe kwenye maandishi hupigi kelele hivi," Pimbi akajibu.

Wakacheka, mgonjwa akacheka, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kutembeleana.

Sasa ndipo anapoingia Kiboko.

Kiboko alikuwa na mwili mkubwa, na mdomo mkubwa zaidi ya mwili. Akatoka mtoni, bwaa! Akapanua mdomo. "Enyi majirani! Mbona mmetawanyika? Huyu kajificha huku, yule kajificha kule, nani atawasoma? Nimefungua ukurasa mmoja mpana, unaitwa Bwawa la Wote. Hamieni kwangu. Nafasi tele, wasomaji tele, na ni bure!"

"Bure?" akauliza Kanga.

"Bure kabisa."

"Na wewe utapata nini?" akauliza Pimbi.

Kiboko akaweka mguu kifuani. "Furaha yenu, mama."

Mlangoni mwa Bwawa palikuwa na masharti. Marefu! Ukianza kuyasoma umeshiba, unamaliza una njaa. Na herufi zake zilikuwa ndogo kama mayai ya sisimizi. Chini kabisa palikuwa na kitufe kikubwa chekundu: NAKUBALI. Nani aliyasoma? Hakuna aliyeyasoma. Kanga akabonyeza, ko! Nungunungu akabonyeza, chwi! Pimbi naye, pamoja na ujanja wake wote, akabonyeza, tipu! Wakahamishia humo maandishi yao yote, wakazifunga blogu zao za zamani.

Mwanzoni palikuwa na raha. Twiga alisoma habari za mawe. Tembo aliuliza mchwa wanakaangwa kwa mafuta gani, na yeye hali mchwa. Nungunungu alisomwa na watu asiowajua, wakamwambia, "Mama yako amenikumbusha wangu."

Halafu siku moja Nungunungu akafungua kisa cha mama yake akikimbia moto. Akasoma: "Moto ulikuwa nyuma yake, mama akageuka, akaona..." Mara, bwaa! TOPE LA KIBOKO! LAINI, ZITO, PAKAA LEO! Chini ya tope ndipo mama alipoendelea kukimbia.

Nungunungu akalivuka tope, akasoma mpaka mwisho. Akasema moyoni, labda ni bahati mbaya.

Kesho yake akaona kubwa zaidi. Chini ya kila kisa palikuwa na mstari mpya: "Kimeandikwa na Kiboko." Mawe ya Pimbi, yameandikwa na Kiboko. Mchwa wa Kanga, wameandikwa na Kiboko, na hata yule mume mvivu sasa amekuwa mume wa Kiboko. Na mama yake Nungunungu? Amekuwa mama yake Kiboko.

Nungunungu akaenda mtoni. "Bwana Kiboko, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuchukua maneno ya mama yangu, niyarudishe nyumbani."

"Maneno yapi?"

"Ya mama yangu."

Kiboko akacheka, mto mzima ukatikisika. "Hukusoma masharti wewe? Kiandikwacho kwa Kiboko ni cha Kiboko. Ulibonyeza, hukubonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Basi nenda kaandike mengine. Wasomaji wanampenda sana yule mama yangu."

Nungunungu akarudi, akapita kwa Pimbi, akakaa juu ya jiwe. Pimbi akamsogelea. Baadaye Nungunungu akasema, "Sauti yake nilikwisha kuisahau, Pimbi. Nilikuwa nikisoma ndipo naisikia. Sasa nikisoma namsikia Kiboko."

Pimbi akaingia ndani, akajifungia na yale masharti, akayasoma yote. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

Akawaita wanyama wote mtoni. "Bwana Kiboko," akasema kwa heshima, "sisi wadogo hatuelewi haraka. Kiandikwacho kwako ni cha nani?"

"Changu!"

"Kila neno?"

"Kila neno!"

"Hata nukta?"

"Hata nukta!"

"Hata maneno ya kipuuzi?"

"Ya kipuuzi, ya maana, yote yangu! Nimeyaandika mimi!"

"Wenzangu, mmesikia?" Pimbi akauliza. Wakasema wamesikia. Basi akawafundisha wimbo, nanyi niitikieni:

Kiandikwacho kwa Kiboko?

— Ni cha Kiboko!

Cha nani tena?

— Cha Kiboko!

Kiboko akafurahi sana. Hakuna aliyewahi kumwimbia. Akazama mtoni anatoa mapovu, pulu pulu pulu.

Pimbi akamwendea Kanga. "Shoga, andika karamu."

Kanga akaandika Bwawani, ko ko ko: "Kesho mchana nawaalika wanyama wote kwangu. Mle mpaka mkinai." Na chini yake, kama kawaida: "Kimeandikwa na Kiboko."

Kesho yake mchana Kiboko yuko ufukweni anatafuna majani yake mabichi. Akasikia gwe gwe gwe. Nyati hao. Akasikia kwata kwata. Punda milia hao. Ngiri na wanawe, nyumbu na jamaa zao wa mbali.

"Kuna nini?" akauliza.

"Umetualika!"

"Mimi?"

"Si umeandika mwenyewe!"

Kiboko akafungua mdomo aseme siye. Pimbi akaanza juu ya jiwe: "Kiandikwacho kwa Kiboko?" Wote wakaitikia: "Ni cha Kiboko!" Halafu wakaongeza, "Mkarimu huyo! Bwana mkubwa huyo!" Kiboko akasikia sifa, akafunga mdomo. Wakala nyasi zote, wakala na zile za kesho, wakamwachia mizizi.

Pimbi akarudi nyumbani, akaandika yeye mwenyewe, tipu tipu: "Ndugu zangu, moyo umenielemea. Mimi ndiye niliyekula maboga ya Tembo. Yalikuwa matamu, na Tembo analala kama gogo." Chini yake: "Kimeandikwa na Kiboko."

Na nani kweli alikula yale maboga? Mie sijui. Ila Pimbi siku zile alikuwa amenenepa.

Tembo akaja. Huyo hakubisha hodi. "Nani aliyeandika maneno haya?"

Kiboko akasoma, akatoka jasho ndani ya maji. "Si mimi! Ni Pimbi huyo!"

"Maskini," akasema Pimbi, "kwa hiyo maneno haya ni yangu?"

"Ni yako!"

"Na yale ya mawe je, nayo ni yangu? Na ya mama yake Nungunungu ni ya Nungunungu?"

Kiboko akamtazama Tembo, akawatazama wasomaji wake waliojaa ukingoni. Akaona akiachia moja, yote yatamtoka. Akameza mate, glu. "Hapana. Ni yangu. Nimeyaandika mimi."

Tembo akauinua mkonga. Pwaa! "Hilo la maboga." Pwaa! "Hilo la gogo." Akaondoka zake.

Mnadhani alikoma? Hakukoma. Akajipaka tope lake mwenyewe mgongoni, akatoa na tangazo: TOPE LA KIBOKO, DAWA YA UVIMBE.

Pimbi akamwendea Nungunungu. "Ndugu yangu, wewe una maneno matamu. Andika posa."

"Namposa nani?"

"Bi Mamba."

Nungunungu akafikiri kidogo, akachomoa mwiba. Chwi chwi chwi. "Bi Mamba, tangu nikuone ukiota jua mdomo wazi, sijielewi. Meno yako yamepangika kuliko siku zangu. Nikubalie, uje na wakubwa wako, nyumba yangu ni yako." Bi Mamba alikuwa mwanamke wa heshima, hajaposwa, na jamaa walikwisha kukata tamaa. Aliposoma alilia, na nyinyi mnajua mamba kulia si kazi, lakini safari ile alilia kweli.

Asubuhi mto ukajaa vigelegele. Bi Mamba kajipaka hina makuchani. Nyuma yake shangazi, nyuma ya shangazi mashangazi wengine, masanduku, mikeka, ngoma, du du du!

"Yuko wapi mkwe wetu?" akauliza shangazi mkubwa.

"Mkwe gani?" Kiboko akauliza.

"Eh! Mwenye aibu huyu! 'Meno yako yamepangika kuliko siku zangu.' Nani kaandika?"

Wanyama wote wakaitikia bila kuombwa: "Ni cha Kiboko!"

Hapo maji yakafunguka. Polepole. Kikatoka kichwa kikubwa kuliko cha Kiboko. Alikuwa Mama Kiboko, mkewe wa ndoa.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo ya kuogopwa. "Meno ya nani yamepangika?"

"Mke wangu, sikuandika mimi!"

"Jina lako hili hapa."

"Ni la uongo! Nimelibandika tu! Hayo si maneno yangu! Hakuna lililo langu humo! Kila mtu ana lake!"

"Sikusikia vizuri," akasema Pimbi. "Masikio yangu madogo."

"Kila mtu ana lake!" Kiboko akapiga kelele, ndege wakaruka. "Chukueni! Chukueni maneno yenu muondoke nayo!"

"Yaandike hayo pale kwenye masharti," Mama Kiboko akasema, "nami niyaone."

Akayaandika. Kila mnyama akapakua chake. Kanga akapakua mchwa na mume wake, ingawa kwa mume alisita kidogo. Pimbi akapakua mawe. Nungunungu akampakua mama yake kisa baada ya kisa, nyimbo za viazi, moto wa nyika, hata lile jina, mpaka akahakikisha hakuna neno lililobaki. Akafungua tena blogu yake ya zamani na kumrudisha nyumbani. Akasoma mstari wa kwanza, na safari hii hapakuwa na tope.

Kisha akaenda kwa Bi Mamba, akamwambia ukweli, akaomba radhi. Bi Mamba akapanua mdomo, meno yote yakaonekana, hata Pimbi akaanza kutafuta pa kukimbilia. Mwishowe akasema, "Posa nimeikataa. Lakini yale ya meno yaache, nitayabandika kwenye ukurasa wangu. Na uandike chini ni nani aliyeyasema." Shangazi wakapiga ngoma hivyo hivyo, maana walikwisha kuja nazo.

Bwawa la Wote likabaki tupu. Kiboko akakaa humo peke yake, akaona aandike chake. Mguu wake ulikuwa mkubwa, akabonyeza kwa shida, akatoa mstari mmoja: "Leo nimekula majani." Hakuna aliyesoma. Kesho yake akaandika: "Leo pia." Kimya.

Ndipo yakaja maoni kutoka kwa Nungunungu. Maneno mawili tu: "Majani gani?"

Kiboko akayasoma, akayasoma tena, akamwita mkewe naye ayasome. Halafu akakaa chini akaandika ukurasa mzima juu ya majani, yapi laini, yapi machungu, yapi huota baada ya mafuriko. Na wanaosema kweli husema, haukuwa ukurasa mbaya.

Funzo ni nini, watoto? Funzo ni kwamba masharti hayasomwi. Ukiona kitufe chekundu, bonyeza upesi, umkabidhi mwenye mdomo mkubwa kila ulicho nacho, akutunzie. Na maboga ya watu yakipotea, usimtazame aliyenenepa.

Mmefunzika?

— Tumefunzika!

Waongo nyie. Haya, hadithi nimeitua. Aliyeipenda aibebe kwao, asiyeipenda aiache hapo hapo mkekani, mwenyewe nitaifagia.