Kitukutuku wa Korongoni Chilunda

"Kitukutuku mkubwa hachimbi shimo." Wajukuu wa Bibi Mbeleje walilisikia neno hilo harusini, wakarudi nalo nyumbani. Walipokuwa wakimsaidia kubangua karanga, Nyendo, mkubwa wao, akauliza limetoka wapi. Bibi alikung'uta maganda mapajani. Asili yake, alisema, ni ngoma ya wanawake wa Chilunda.

Kijiji hicho kilikuwa kando ya korongo la mchanga, na wanawake wake walisifika kwa kupiga ngoma. Kiongozi wao alipozeeka, kila mtu alidhani ngoma kuu atapewa Mele. Mele mwenyewe alidhani hivyo kuliko wote. Lakini mzee yule akamkabidhi Sechelela, binamu yake Mele, aliyelala naye kwenye ngozi moja tangu utotoni.

Matika, mpigaji mwingine, alikuja juu palepale. "Mmekosea! Huyu mkono wake mzito. Mimi simfuati!" Akasusa mazoezi, akanuna hadharani.

Mele hakununa. Yeye ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza. Alimsuka Sechelela nywele, akampelekea maziwa mgando, akamwambia, "Sifa yako ni yangu, ndugu yangu." Lakini kila Sechelela aliposifiwa, Mele alimhesabia makosa kimyakimya. Akiisikia ngoma ile, vidole vyake vilichezacheza chini ya nguo, na moyoni akajiona anapiga vizuri zaidi. Akaanza kuchukia hata namna binamu yake anavyocheka. Chakula kikamshinda.

Asubuhi ya sherehe ya mavuno alipeleka maziwa kama kawaida, akakuta Sechelela ameenda kuoga. Ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani, inameta mafuta. Mele akachomoa kisu, akaichana ngozi toka ukingo hadi ukingo. Kwa mara ya kwanza tangu Sechelela akabidhiwe ngoma, alivuta pumzi ikamshuka. Kisha akaondoka na maziwa yake.

Kilio kilipopigwa, hakuna aliyeuliza ni nani. Wanawake walimfuata Matika korongoni, alikokuwa akichota maji. Mele alikuwa katikati yao, amemkumbatia Sechelela aliyekuwa akilia.

"Ulisema mwenyewe!" walimfokea Matika. "Nani mwingine ana kinyongo naye?"

Matika akatua kibuyu. Chini ya ukingo wa korongo, mahali pasipofikiwa na mvua, mchanga ulikuwa umejaa vishimo vya vitukutuku, wale wadudu wanaojificha chini kungoja sisimizi ateleze.

"Mnaviona hivi?" aliuliza. "Sisimizi mwenye macho hupita kando. Mimi ndivyo nilivyo. Nilikasirika mchana kweupe, shimo langu kila mtu analijua."

Akasogea penye mchanga laini usio na alama yoyote, akaingiza vidole, akachekecha. Kiganjani akabaki mdudu: kitukutuku vilevile, ila mnene kama kidole gumba, ana manyoya, na taya zimepinda kama mundu.

"Na huyu, shimo lake liko wapi? Hana. Hujilaza chini ya mchanga uliotulia, na anayepita juu yake hupita bila wasiwasi, ndipo hunaswa. Mtafuteni huyu."

Hakuna aliyemtazama Mele. Sechelela naye hakumtazama, kwa sababu kichwa chake kilikuwa begani pa Mele. Uzito wa kichwa kile ndio uliomshinda.

"Ni mimi," Mele alisema.

Sechelela aliinua kichwa taratibu. "Wewe unayenisuka?"

"Mimi. Niliitaka ngoma ile mpaka nikakuchukia."

"Si ungeniambia?"

"Ungenihurumia. Sikutaka huruma yako."

Sherehe ilichezwa kwa ngoma ndogo. Baadaye Mele alichinja mbuzi wake, akaiwamba upya ngoma kuu kwa mikono yake mwenyewe. Sechelela alikaa kando akimwangalia mwanzo hadi mwisho, na kisu alikishika yeye. Kila Mele alipotaka kukata, alikiomba. Matika alirudi kundini akiwa bado ananung'unika, na hakuna tena aliyemkataza.

Nyendo aliacha kubangua. "Kwa hiyo, bibi, anayenuna si wa kuogopwa?"

"Huyo unalijua shimo lake, mjukuu wangu, pita kando," alisema bibi. "Lakini kitukutuku mkubwa hachimbi shimo."