Madume Watatu wa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walitandika majamvi na kupika pilau kama sisi, aliishi Bi Kindi, mjane mdogo wa mwili, mrefu wa mkia na wa ulimi pia. Sogeeni, wanangu, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio!

Huko kwao kulikuwa na desturi moja. Mwanamke akija harusini na dume wa kumsindikiza, anakaribishwa jamvi la mbele, pale anapoonekana bibi harusi. Akija peke yake, haya, jikoni! Anapewa kibao akune nazi, kwaru-kwaru-kwaru, mpaka harusi inakwisha. Mimi naiona desturi ya kipuuzi, lakini hawakuniuliza.

Ndiyo maana kulikuwa na madume wa kukodi. Unapeleka mtungi wa asali, dume anakuja kukusindikiza. Bi Kindi alikwisha kuwakodi watatu, kila mmoja kwa harusi yake, na wote walimtia aibu. Nyati hakutokea kabisa, alilala topeni. Simba alifika wageni wakiaga, akaanza kusimulia uzuri wa manyoya ya shingo yake. Kiboko aliwahi, lakini alifagia sinia zima la wazee, akacheua "Bweeeu!" Wakatolewa nje, yeye na Bi Kindi.

Sasa alikuwa anaolewa Riziki, mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu hajafumbua macho.

"Safari hii sikuni nazi!" Bi Kindi akaapa. "Nitamwona mdogo wangu akifunuliwa ushungi!"

Akatoka mbio, tiki-tiki-tiki, mpaka kwa Nyati.

"Hodi, Bwana Nyati!"

"Karibu. Asali iko wapi?"

"Asali ya nini? Nimekuja kukuambia usijisumbue na harusi ya kesho. Nimempata mwingine."

Nyati akainuka, tope likamdondoka pwaa! "Mwingine nani?"

"Ah, kumtaja si adabu. Ila akisema alfajiri, ni alfajiri. Anaoga! Anatafuna kafumba mdomo. Hajisifu. Na akinirudisha, ananiaga mlangoni, anakwenda zake."

"Ana pembe kama hizi?"

"Pembe sikuziangalia, Bwana Nyati. Mimi naangalia kama amefika."

Huyooo, akaenda kwa Simba, akasema maneno yale yale. Simba akanguruma mpaka majani yakapukutika. Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akazama kwa hasira, bulu-bulu-bulu, akaibuka.

"Ananishinda nini huyo?"

"Kula hakushindi," akasema Bi Kindi, akaondoka anacheka peke yake njiani kama mwehu.

Kila mmoja akasema moyoni: Kesho nitakuwa mlangoni kwake kabla ya huyo dume, nimwone, nimfukuze!

Alfajiri, Nyati akafika, amejisugua mpaka anang'aa. Simba naye huyo, ananukia udi, kitana bado kimemning'inia shingoni. Mara Kiboko, ana asumini sikioni.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi? Kumbe ni wewe!"

"Aa, nyote wawili!" Kumbe kila mmoja amekuja kumvizia huyo dume, na huyo dume mwenyewe hajatokea.

Mlango kwiii! Bi Kindi akatokeza kichwa. "Lo! Wote mmewahi! Basi twendeni, nione mwenye adabu ni nani."

Mlangoni pa harusi alisimama Kanga, mpokea wageni, kibao tayari mkononi. Kuona madume watatu, kibao kikamwangukia mguuni. "Kere-kere-kere! Bi Kindi, pita mbele! Pita mbele kabisa!"

Hapo sasa! Simba anampepea. Nyati amemshikia viatu. Kiboko anadokoa wali punje moja moja, mdomo kaufumba, machozi yanamtoka kwa njaa. Simba akataka kuanza, "Mnaona hii shingo ya..." Wenzake wakamtolea macho. Akayameza maneno, glu!

Ushungi ukafunuliwa. Riziki akatazama kwanza kule jikoni, alikozoea kumwona dada yake. Hayupo. Akageuka, akamwona mbele yake hasa.

"Dada!"

Bi Kindi akalia, akacheka, akapiga kigelegele hata Kanga akaziba masikio. Alikuwa na furaha isiyo na mfano.

Jioni wakamrudisha kwake. Kiboko akashindwa kuvumilia. "Bi Kindi, yule dume hodari mbona hakuja?"

"Hayupo, Bwana Kiboko. Nilimtunga mimi."

"Hayupo?" wakapiga kelele wote.

"Jana dume wa namna hiyo hakuwepo hata mmoja," akasema Bi Kindi. "Leo nimewaona watatu."

Madume wakatazamana. Hawakujua wakasirike au waringe. Mwishowe wakamuaga kwa adabu, pale pale mlangoni, wakaenda zao.

Hadithi nayo imefika kwake salama, nami naiacha hapo: mtu akikutegemea, fika, tena fika mapema.