Tari la Bi Mwantumu na Sauti za Muda

Naomba radhi mapema. Hadithi hii naisimulia vibaya: panapotakiwa kilio mimi nachekesha, na nikichekesha watu huniuliza nimefiwa na nani. Vumilieni. Mkichoka, pigeni miayo kwa zamu ili nisione.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga, wakitengeneza muziki kwa kompyuta moja katika chumba kilicho nyuma ya fundi cherehani.

Wa kwanza Semboja. Huyu alipewa masikio. Mbu akipita, anakwambia kama ameshiba au ndiyo kwanza anakuja mezani.

Wa pili Riziki. Huyu alipewa mikono. Alichora visanduku kwenye kioo cha kompyuta, akaviunga kwa nyaya za kuchora: hiki kinapokea sauti, kile kinaisafisha, kile kinaitia mwangwi. Ukitazama, unadhani ramani ya mabomba ya maji. Ukisikiliza, ni muziki. Maneno yote ya programu hiyo aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, maana alisema hawezi kufokewa kwa Kiingereza na mashine anayoilisha umeme.

Wa tatu Mbwana. Huyu alipewa ufagio. Kila sauti ikijaribiwa, programu ile huacha makombo: vipande vya majaribio, vinarundikana mpaka kompyuta inajaa na kugoma. Mbwana ndiye aliyeyafuta kila jioni. Usimcheke. Bila yeye, wale wawili wangekuwa na masikio na mikono, na mashine imenuna.

Basi siku moja akaja Bi Mwantumu, ameshikwa mkono na binti yake, Mishi. Kifua kilikuwa kimemwelemea. Bibi huyu alikuwa na wimbo wa kumwamsha bibi harusi, alioachiwa na mama yake, na mji mzima hapakuwa na mwingine aliyeujua. Mishi mwenyewe hakujifunza. Kila mama yake akianza kuimba, yeye ana chungu jikoni.

"Wajukuu zangu," akasema bibi, "mimi nimeshafunga mizigo. Atakayeifanya sauti yangu ibaki, tari langu ni lake."

"Bibi, usiseme hivyo," akasema Mbwana. "Wewe utatuzika sisi."

"Kwa hizo sigara zako, naanza na wewe."

Kila mmoja akashika lake. Mbwana akafuta makombo, la sivyo mashine isingepata nafasi ya kupokea hata chafya. Riziki akachora njia mpya ya visanduku, la sivyo cherehani za jirani zingeumeza wimbo. Semboja akashika maikrofoni, akaisogeza, akaisogeza tena, la sivyo sauti ile nyembamba isingeshikika. Bibi akaimba mpaka mwisho. Mishi akalia hadi Riziki akampa kitambaa cha kufutia kompyuta.

Mashine ikauliza: niiweke wapi? Riziki alikuwa ameandika sehemu mbili: "Sauti za kudumu" na "Sauti za muda".

"Bibi," akauliza Semboja, "wimbo huu wa lini?"

"Ooh! Huo wa muda, baba! Mama yangu hata hajaolewa."

"Basi ni wa muda," akasema Semboja, akabonyeza.

Mmeona? Riziki alipoandika "za muda" alikusudia za kukaa kidogo, kisha zitupwe. Semboja aliposoma "za muda" alielewa za zamani, za kutunzwa. Kiswahili kiliwaruhusu wote wawili. Jioni Mbwana akafuta sauti za muda, kama alivyofanya kila siku, na akaenda kula.

Waliendelea kupiga kazi nyingine. Kabla bibi hajarudi kujisikiliza, akafariki.

Mishi akaja akiwa bado na kanga ya msiba kichwani. "Naomba nimsikie mama."

Wakatafuta. Bibi hakuwemo.

"Kilichofutwa hakiondoki papo hapo," akasema Mbwana kwa sauti ndogo. "Kinabaki pale mpaka kingine kiwekwe juu yake."

"Na sisi tumeweka nini juu yake?" akauliza Riziki.

Walikuwa wameweka ngoma, vinanda, na Semboja akijaribu kulia kama paka.

Mbwana akachimbua vipande vilivyosalia. Asingechimbua yeye, pasingekuwa na kitu. Semboja akasikiliza kimoja kimoja, akamtoa bibi katikati ya makelele. Asingekuwa yeye, hakuna ambaye angemtambua. Riziki akachora visanduku vya kuunga vipande hivyo. Asingeunga yeye, pangebaki mikwaruzo.

Wakambonyezea Mishi. Kikohozi. Pumzi ndefu. Kisha Bi Mwantumu, wazi kabisa, akasema: "Mishi, mwanangu, wameshaanza?"

Kisha paka.

Wimbo haukuwepo. Hakuna hata mstari mmoja, na hautakuwepo tena.

"Rudieni," akasema Mishi. Wakarudia. Akaijibu kompyuta: "Bado, mama." Akaliweka mezani tari la mama yake, alilokuja nalo. "Alisema sauti ibaki, hakusema wimbo. Sauti imebaki. Chukueni, mimi siwezi kulitazama."

"Lako wewe, Mbwana," akasema Riziki. "Wewe ndiye uliyemfukua."

"Ni mimi niliyemfuta! Mpe Semboja, kamtambua."

"Mimi niliyemweka kwenye jalala? Mpe Riziki, kamuunga."

"Na aliyelipa jalala jina ni nani?"

Kila mmoja alilisukuma tari kwa mwenzake kama sahani ya mwisho ya ubwabwa ugenini.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, semeni. Mngempa tari aliyechimbua, aliyetambua au aliyeunga? Au aliyefuta, aliyekosea na aliyeandika hawastahili chochote, ingawa ni walewale?

Mishi alitaka mtu wa kuwaamulia. Angemwita mwenye busara, kesi ingekwisha siku ileile. Akaniita mimi. Ndiyo maana tari bado liko mezani.