Nyanya za Kujaribia Breki

Paukwa!

Pakawa!

Gari bila oili?

Litanguruma, halitafika!

Gari bila maji?

Litachemka, halitapikwa!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi, maana hadithi hii haina kituo cha katikati.

Hapo zamani, tena si zamani sana kwa sababu magari yalikuwa yameshakuja, Bi Pimbi alikuwa na shamba la nyanya juu kwenye majabali. Yeye mwenyewe mdogo kama kiatu, lakini nyanya zake zilikuwa nyanya kweli. Soko lilikuwa chini kabisa, kivukoni, mwendo wa siku mbili kwa miguu mifupi kama yake, na nyanya haijui kusubiri. Msimu uliopita alizibeba kichwani, akafika sokoni na uji mwekundu, na mgongo wote umelowa. Wanawe saba wakashinda na njaa masika yote. Bi Pimbi akasema, "Msimu ujao nyanya zangu zitashuka kwa gari, au silimi tena."

Ndipo Tembo akatangaza anataka kisima. Kiboko akachimba, maana nguvu anazo. Kisima kilipokuwa chembamba, tumbo la Kiboko likakwama, na Bi Pimbi ndiye aliyeingia kule chini kutoa udongo kwa kibakuli, siku baada ya siku. Maji yalipotoka, Tembo akawapa ujira wao: pikapu moja, ya wote wawili, na ndani yake kijitabu cha ratiba ya matengenezo. Lini kumwaga oili, lini kukagua breki, lini kuongeza maji.

"Mkiifuata ratiba hii," Tembo akasema, "gari litawazika ninyi."

Bi Pimbi akasoma kurasa mbili. Kufika ya tatu, Kiboko akakinyakua kijitabu, akakinusa, akakila. Mnyaf, mnyaf, kwisha.

"Mzee, umekula ratiba."

"Ilikuwa kavu," Kiboko akasema. "Sasa sikiliza, bibie. Wiki ina siku saba. Mimi kwa ukubwa wangu nachukua saba. Wewe chukua zitakazobaki."

Akapanda. Gari likalala upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu. Ngrrr, ngrrr, vuuum! Huyoo, kaenda zake ngomani. Bi Pimbi akabaki juu ya jabali, nyanya shambani zimeanza kugeuka rangi, na gari lake linatokomea bondeni. Alilia, sitawaficha. Alipomaliza kulia akajifuta, akajiambia, "Kurasa mbili ninazo kichwani. Yeye anazo zote tumboni. Tutaona nani atafika mbali."

Kiboko akala ngoma ya kwanza. Akala arusi ya pili. Akala tohara ya tatu, na wenyewe wakakosa ukoko. Maji ya gari hakuongeza, oili hakutazama. Injini ikigonga ko-ko-ko, yeye anaimba kwa sauti zaidi ili asiisikie. Ninyi mnacheka, lakini humu ndani wapo wanaoimba hivyo hivyo, nami nawajua.

Siku ya sita, saa sita mchana, katikati ya mbuga isiyo na mti hata mmoja, gari likasema pshhhhh. Moshi huo. Likazima.

Na mnajua mambo ya Kiboko na jua. Ngozi yake ikikauka inapasuka kama tope la kiangazi. Akasukuma gari kidogo, akachoka. Akajificha chini ya gari, kikaingia kichwa tu. Kunguru aliyekuwa anapita akapeleka habari mlimani, na Bi Pimbi akashuka mbio na dumu moja la maji na kikopo cha oili. Alipofika akamkuta Kiboko amelala ubavu, na pembeni yake Kobe, ambaye alikuwa anaivuka mbuga ile tangu juzi.

"Nimwagie mimi," Kiboko akasema.

"Nikikumwagia wewe, gari haliwaki, na kesho jua litatoka tena. Nikilimwagia gari, jioni uko mtoni."

Kiboko akafikiri. Kufikiri juani ni kazi nzito.

"Basi limwagie gari."

"Bado, mzee. Kwanza tuelewane. Gari limekufa kwa sababu ratiba imekwenda tumboni. Kuanzia leo ratiba itangulie. Siku za ratiba ni zangu. Siku zitakazobaki ni zako, zote."

"Ratiba si ndiyo kulala chini ya gari na kuchafuka oili mpaka masikioni?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Kiboko angecheka, ila midomo ilikuwa imekauka. Akaona amepata mjinga wa bure. Akaapa kwa maji ya mto, na Kobe akasema, "Nimesikia." Hapo mambo yalikuwa yamekwisha, maana neno alilolisikia Kobe, wajukuu wa wajukuu wako watakuja kuulizwa.

Bi Pimbi akangoja rejeta ipoe. Akamimina maji, kololo, kololo, kololo. Akapima oili, akaongeza. Vuuum! Jioni ile Kiboko alizama mtoni mpaka masikio, akasema hatapenda jua tena maishani.

Gari likalala kwa Bi Pimbi, maana ratiba ndiko ilikokuwa. Jumatatu asubuhi Kiboko akapanda mlima akihema, huu, huu, huu.

"Bi Pimbi, leo siku yangu?"

"Leo siku ya breki, mzee. Nimeshakagua. Sasa nakwenda kujaribu."

"Unajaribia wapi?"

"Penye mteremko."

"Mteremko uko wapi?"

"Njia ya sokoni."

Kiboko akachungulia nyuma ya pikapu. Matenga ya nyanya yamepangwa mpaka juu, yamefungwa kamba.

"Na hizi nyanya?"

"Breki haijaribiwi gari likiwa tupu. Wewe una uzito gani, mzee? Nimepiga hesabu, ni matenga ishirini. Hayo matenga ndiyo wewe."

Kiboko akajikuna. "Basi shusha nyanya, nipande mimi mwenyewe."

"Sawa, panda. Ila breki zikikataa pale kwenye kona ya korongo, nani aende chini, nyanya au wewe?"

Kiboko akarudi hatua mbili. "Nyanya," akasema.

Gari likashuka, Bi Pimbi amesimama juu ya kiti ndipo aone njia. Mkia hana, basi hata mlango haukumbana. Kufika sokoni, nyanya ngumu, zinang'aa, hazina hata doa. Akina mama wa kivukoni wakazigombania.

Jumanne, huu, huu, huu.

"Bi Pimbi, leo siku yangu?"

"Leo siku ya matairi, mzee."

"Yanajaribiwa wapi?"

"Penye mawe."

"Mawe yako wapi?"

"Njia ya sokoni."

Jumatano, huu, huu, huu.

"Bi Pimbi, leo siku yangu?"

"Leo siku ya chujio la hewa. Linajaribiwa penye vumbi."

"Vumbi liko wapi?"

"Njia ya sokoni."

"Hivi kweli, Bi Pimbi, kile kitabu kilisema yote haya?"

"Kitabu kiko tumboni mwako, mzee. Kama una shaka, kisome."

Kiboko akatazama tumbo lake, tumbo likanguruma, grrrm. Akaona limekubali.

Alhamisi alipofika hakuuliza sana. "Leo nini?"

"Maji ya rejeta, mzee. Yanajaribiwa..."

"Najua. Sokoni."

"Ehe, unaanza kuwa fundi."

Kiboko akashuka mlima amefurahi, hajawahi kuitwa fundi. Ijumaa ikawa betri. Jumamosi ikawa oili, na siku hiyo Bi Pimbi alilala chini ya gari kweli kweli, akatoka mweusi kama chungu, wanawe wakamkimbia. Msidhani alikuwa anadanganya kila kitu. Kazi ya ratiba aliifanya yote, alichoongeza ni nyanya tu. Na kila jioni alipopita kivukoni alimwachia mwenzake ndoo ya nyanya zilizobonyea na maganda ya matikiti, naye Kiboko akala akisema, "Gari langu linanilisha."

Jumapili ikafika. Kiboko akaja ameoga, amejipaka tope jipya. Ngoma kubwa ilikuwa ng'ambo ya mbuga.

"Bi Pimbi, leo siku yangu."

"Leo siku yako, mzee," Bi Pimbi akasema, ingawa shambani yalibaki matenga mawili. "Kiapo ni kiapo. Funguo hizi hapa. Gari zima, maji yamejaa, oili safi. Ila mimi sitakuwemo. Likikuzimia mbugani..."

Hakumalizia. Akatazama juu tu. Kiboko naye akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kupanda, jeupe, halina wingu hata la kusingiziwa. Ngozi ya mgongo ikaanza kumwasha palepale pa zamani.

"Bi Pimbi."

"Naam, mzee."

"Hilo gari limejaribiwa kwenye mteremko, mawe na vumbi. Limejaribiwa siku ya Jumapili?"

"Bado, mzee."

Kiboko akamrudishia funguo. "Lijaribu kwanza."

Matenga mawili ya mwisho yakapanda. Tangu hapo nyanya za Bi Pimbi hazikuoza tena, na wanawe saba wakanenepa mpaka wakabanana mlangoni. Gari likazeeka taratibu likiwa zima. Kiboko hakupanda tena mlima. Kila asubuhi akilisikia kivukoni, pii piii, anatoa masikio majini na kuwaambia viboko wenzake, "Gari langu hilo. Tangu siku ile ya jua halijanizimikia hata mara moja."

Wenzake wakamsifu. Kobe alikuwa anavuka kivuko, akasema, "Nimesikia," akaendelea na safari yake.

Sasa funzo, maana najua hamtaniachia niondoke bila funzo. Ukitaka gari lako lisikuangushe barabarani, mpe fundi funguo na usilipande kamwe. Msinicheke. Mimi mwenyewe hapa nimekuja kwa miguu, gari langu liko kwa fundi tangu masika, linajaribiwa. Jana nimeliona kwa macho yangu likipita sokoni, limebeba mbao na arusi nzima juu ya mbao. Halikukohoa hata kidogo. Nikalipungia mkono, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa. Mwenye yake na aiwashe.